Sauti ya Shangazi Lakot Yagoma Kufutika

Ilikuwa mwaka 2010, mwanzoni mwa masika, na mvua ilikuwa imegeuza kila njia ya Kansanga, mtaa wetu wa Kampala, kuwa tope.

Aliyenifuata tangu mwanzo anajua nilivyoingia katika posa hii. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa ufupi.

Akot, binti wa Sajenti Okullo wa polisi, alichumbiwa na Ulrich, kijana wa Kikongo aliyetoka Butembo pamoja na mama yake, Kavugho. Familia ile ya Kiacholi na hii ya Kikongo hazikuwa na lugha ya kuzungumzia isipokuwa Kiswahili, tena kila upande na Kiswahili chake cha kuniumiza masikio. Mimi, Aminah, mjane wa polisi na mwalimu mstaafu wa shule ya kambi ya polisi, niliombwa niwe mkalimani wao na nihifadhi mazungumzo. Niliyanasa kwa kinasa sauti, nikayatia ndani ya kompyuta yangu.

Katika kikao cha pili, Lakot, dada yake Okullo, alikasirika kwamba posa ilikuwa imefika mbali bila yeye kuulizwa. Alisimama, akamtazama Akot, akasema kwa Kiacholi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wakwe nao wasikie: "Hiyo nyumba yenu isisikie kilio ya mtoto."

Katika ukoo ule, neno la shangazi juu ya mtoto wa kaka yake si la kuchezea.

Alibembelezwa muda mrefu mpaka akakubali kuyarudisha maneno yake. Alitia maji kinywani, akampulizia Akot kifuani mbele ya wazee, akatamka kwamba ameyafuta. Lakini aliweka sharti moja.

"Mdomo yangu imefuta," alisema. "Sasa kompyuta ya Mwalimu nayo ifute, mimi nikiona na macho. Maneno hapana baki pahali."

Tulikubaliana tukutane ofisini kwangu, chumba cha nyumbani ninamotafsiria hati za watu, Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Harusi ingekuwa Jumamosi inayofuata.

Hapo ndipo ilipoanza aibu ninayoiandika leo.

*

Kompyuta yangu ilikuwa na programu ya ulinzi, ile wanayoiita antivairasi. Aliniwekea Gradi, binamu yake Ulrich, fundi mwenye kibanda Nakivubo. Kazi yake ilikuwa kukagua kila faili linaloingia na linalotoka, kama askari wa getini.

Muda wa programu ile ukaisha. Tangu hapo, kila nilipowasha mashine, kibao chekundu kilitokea katikati ya kioo kikiniambia: Muda wako umekwisha.

Mwanamke wa umri wangu hapendi kusalimiwa hivyo kila asubuhi.

Isitoshe, mashine ilikuwa nzito. Nikampigia Gradi simu.

"Mwalimu, hapana gusa iyo," alisema. "Antivairasi iko na mlango yake ya kutokea. Ukiitupa ovyo, itabakisha vipande ndani. Ungoje, nafika Jumatatu."

"Wageni wanakuja Jumapili, Gradi. Unataka waikute mashine inajikokota kama mgonjwa?"

"Ijikokote tu. Itafika."

Sikungoja. Niliifungua folda ya programu ile, nikachagua vyote vilivyokuwamo, nikavitupa katika pipa la taka la kompyuta, kisha nikalimwaga pipa. Vipande vichache vilikataa kutoka. Niliviacha palepale, nikazima, nikawasha tena.

Kibao chekundu hakikutokea. Mashine ilifunguka upesi kuliko siku zote.

Nikasema moyoni: vijana wa siku hizi hupenda kuyakuza mambo ili waonekane mafundi.

*

Jumapili walikuja wote. Okullo alivaa suti yake ya harusi za watu. Ulrich na Akot walikaa mbalimbali kwa heshima. Kavugho, katika kitenge cha kijani, alikaa karibu na mlango. Lakot alikivuta kiti mpaka goti lake likagusa meza ya kompyuta.

"Mwalimu, sauti yangu iko wapi?" aliuliza, akichungulia nyuma ya mashine.

"Haimo huko nyuma, Lakot. Tazama hapa. Jina lake ni Kikao cha Pili."

"Kumbe inakula umeme yako siku zote, imebeba maneno yangu."

Kavugho alicheka. "Mama, si yako peke yako! Sisi wote tuko mule. Hata kikohozi yangu iko mule."

Lakot naye akacheka. Sijawaona tena wakicheka pamoja.

Nilichagua faili, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu kwamba ninayo.

Kibao kikatokea. Nilikisoma kimya kwanza.

"Imesema nini?" aliuliza Okullo.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, na katika maisha yangu sijapunguza neno la mtu. Nikasema: "Imeandika kwamba faili hili haliwezi kufutwa. Linatumiwa na mtu mwingine au programu nyingine."

Habari ya programu hakuna aliyeijali.

"Mtu mwingine nani?" Lakot alikuwa amesimama.

"Kompyuta husema hivyo, Lakot. Ni maneno yaliyotiwa humo kiwandani."

"Nimeuliza mtu mwingine nani! Mimi nimeachia. Wazee waliona nimeachia. Nani ameshika?"

Nilijaribu mara ya pili. Kibao kilekile. Nikaizima mashine na kuiwasha upya, watu wote wakiitazama kama mgonjwa anayesubiriwa azinduke. Kibao kilekile. Nikajaribu kulibadilisha faili jina, likakataa. Nikajaribu kulihamisha, likakataa. Jasho lilinitoka mpaka miwani ikateleza puani.

Lakot aliyazungusha macho yake chumbani taratibu, akayatua kwa Kavugho.

"Mama Ulrich. Wewe hukutaka msichana ya Kiacholi. Siku ya kwanza tu uliuliza kama anajua kutwanga sombe."

"Niliuliza sombe, mama! Sombe ni mboga!"

"Na hii kompyuta, nani aliingiza vitu vyake ndani? Si mtoto yenu, yule Gradi? Mwalimu, si ni yeye?"

"Ni yeye aliyeweka programu," nilisema, "lakini..."

"Basi. Ameweka kitu, imeshika maneno yangu, na mama yake mkubwa anajua."

Nilichopaswa kusema kilikuwa kifupi. Programu ya Gradi niliing'oa mimi, kwa kiburi, baada ya kukatazwa, na huenda mabaki yake ndiyo yanayoshika. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Okullo akaniwahi. "Dada, sikiliza. Mwalimu hapana kosea. Mimi alinifundisha tangu darasa ya kwanza. Alinipiga kiboko sababu ya herufi moja tu. Kama Mwalimu ameshindwa, basi hapa iko kitu."

Alisema hayo kwa heshima, akiniinamia kidogo, kama alivyofanya tangu utoto wake.

Nikaufunga mdomo wangu.

Kavugho aliondoka bila kuaga. Okullo akatangaza kwamba harusi isubiri.

*

Walipokwisha kuondoka niliketi mbele ya mashine. Nilitaka kujua hakika, ingawa hakika yenyewe nilikuwa naiogopa.

Nililichukua faili jingine, tangazo la mazoezi ya kwaya nililolichapa mwaka uliopita. Nikajaribu kulifuta.

Faili haliwezi kufutwa. Linatumiwa na mtu mwingine au programu nyingine.

Nikajaribu picha ya kalenda. Jibu lilelile.

Laana ya Lakot haikuwa na ugomvi na kwaya, wala na kalenda. Hakuna faili hata moja katika kompyuta yangu lililokubali kufutika. Nilikuwa nimemfukuza mkuu wa kituo na kumwacha askari wa getini: bado anasimamisha kila kitu ili kikaguliwe, na wa kukagua hayupo tena.

Tangu saa hiyo nilijua. Naliandika hili wazi ili msomaji asinitafutie udhuru. Sikuwa mjinga wa jambo hili hata kidogo. Nilijua, nikanyamaza, na Jumatatu nikaenda sokoni kununua vitunguu kama mtu mwenye dhamiri safi.

*

Akot alikuja Jumanne, amelowa mvua, hakutaka hata taulo.

"Jajja Mwalimu, umesikia ya soko la Owino?"

Yeye huniita jajja, kama watoto wote waliokulia Kampala wanavyowaita bibi zao.

"Sijasikia."

"Shangazi amekwenda mpaka kwenye meza ya Mama Ulrich, pale anapouza mashuka. Amesimama njiani, akapiga kelele mbele ya soko zima kwamba Mama Ulrich ni mchawi, amefunga tumbo langu ndani ya kompyuta. Watu walijaa. Yule mama wa mapazia aliyekuwa jirani yake amehamisha meza. Tangu jana hakuna aliyenunua kwake hata foronya."

"Kavugho alisema nini?"

"Alikuwa anakunja mashuka tu. Anayakunja, anayakunjua, anayakunja tena."

Nilimpa kikombe cha chai. Hakukigusa.

"Na wewe," nilimwuliza, "unaamini hayo?"

Aliushika mkono wangu, akaupeleka tumboni pake, chini kidogo ya kitovu.

"Yupo tayari, Jajja. Sijamwambia hata Ulrich. Nilitaka ajue baada ya harusi. Tangu Jumapili nikila, chakula kinarudi. Nikiamka, kitu cha kwanza natazama shuka kama kuna damu."

Nilihisi joto la ngozi yake kupitia nguo iliyolowa.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie. Mashine inaweza kukataa hivi, bila mtu kuishika?"

Hakuna mwanafunzi aliyepata kuniuliza swali jepesi kuliko hilo. Jibu lake lilikuwa neno moja, nami nilikuwa nalo.

"Mashine zina mambo yake, mwanangu," nilisema. "Tumsubiri Gradi."

Kila neno la sentensi ile lilikuwa sahihi, na sentensi nzima ilikuwa uongo.

Aliitikia kwa kichwa, akaurudisha mkono wangu mezani polepole kama chombo cha kuazima, akatoka mvuani.

*

Nilimpigia Gradi kabla chai yake haijapoa.

"Mwalimu, hata leo hapana," alipiga kelele. Nyuma yake nilisikia maji na watu. "Mfereji ya Nakivubo imejaa, maji iko ndani ya kibanda. Niko nabeba kompyuta ya watu kwa kichwa! Ni nini?"

"Mafaili hayafutiki."

"Uliitupa."

"Niliitupa."

"Niliambia wewe."

"Uliniambia, Gradi."

"Sasa ndio sababu familia yetu iko natukanwa? Juu ya ile?"

Nilimsikia akimwita mtu amshikie kioo, kisha akarudi.

"Futa mashine muzima, uanze mupya. Ni njia ya haraka."

"Humo mna kazi za watu. Hati zao za ukimbizi nilizozitafsiri. Siwezi." Nilikuwa nimefungua droo ya meza, nikaiona sidii aliyoniachia siku alipoiweka programu. "Je, nikiirudisha ndani? Nikaiweka upya nzima kama ilivyokuwa, ndipo niitoe kwa mlango wake?"

"Hiyo..." Alifikiri. "Hiyo inaweza kukubali. Ao isikubali. Mimi sijapata mutu wa kuitupa kama wewe. Jaribu. Na Mwalimu..."

"Naam?"

"Ulrich asisikie kwa mutu mwingine."

Akakata simu.

Niliitia sidii. Programu ilijiweka polepole, na kibao chekundu kikatokea kuniambia kwamba muda wangu umekwisha. Safari hii sikukichukia. Niliingia katika orodha ya programu, nikaitafuta kwa jina lake, nikachagua kuiondoa kwa taratibu yake yenyewe. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Ulipofika nusu, umeme ukakatika.

Nilikaa mbele ya kioo cheusi mikono ikiwa magotini. Sijui kama ilikuwa haki kumwomba Mungu kwa jambo la namna ile, lakini nilimwomba.

Umeme uliporudi, mashine iliwaka kwa shida, ikauliza kama iendelee pale ilipoishia. Nikaikubalia. Ikamaliza, ikaomba kuzimwa na kuwashwa. Nikaifungua folda ya kwaya, nikaligusa tangazo la mazoezi, nikabonyeza kufuta.

Likatoweka.

Niliitupa picha ya kalenda. Nayo ikatoweka. Faili la Lakot sikuligusa, kwa kuwa sharti lilikuwa afutiwe akiona.

Nilifurahi kupita kiasi. Wala furaha ile haikuwa ya Akot, wala ya Kavugho. Nilifurahi kwa sababu hakuna mtu, isipokuwa Gradi, ambaye angehitaji kujua. Wangekuja, faili lingefutika, binti angekula, na mimi ningebaki yuleyule Mwalimu asiyekosea.

Nikawaita.

*

Walikuja kasoro Kavugho. Ulrich alisema mama yake hana nguvu za kutoka.

Sikutoa hotuba. Nilichagua faili, nikabonyeza, nikajibu kwamba nina hakika. Kikao cha Pili kikaondoka kwenye kioo. Nikalimwaga na pipa la taka, Lakot akitazama kwa macho yake.

Akot alipiga yowe dogo, akajifunika uso. Okullo alipiga makofi kama mtu aliye uwanjani. Ulrich alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile akausogeza mkono wake karibu na wa mchumba wake.

"Mmeona?" alisema Lakot. Alikuwa amejaa ushindi. "Mmeona sasa? Nilimwendea Owino. Nilimkemea mbele ya watu. Ameogopa, ameachia!"

Makofi ya Okullo yakakoma.

Ulrich alisimama. "Mama, unasema nani ameachia?"

"Mimi sitaji mtu. Jumapili ilikataa. Nimekemea, leo imekubali. Wewe hesabu mwenyewe."

"Uko nasema mama yangu ni mulozi."

"Mimi nasema imekubali."

Sijui kama nimeeleza vya kutosha ili msomaji aone nilichokiona mimi wakati ule. Kazi niliyoifanya kwa siri ili kujinusuru ilikuwa imegeuka ushahidi juu ya mwanamke asiyekuwa na kosa. Kama mashine ingeendelea kugoma, walau wangebaki na mashaka. Mimi niliwapa hakika.

Ulrich alimgeukia Akot. "Mimi nakupenda, unajua. Lakini siwezi kuoa kwa nyumba yenye inaita mama yangu mulozi."

"Keti, Ulrich," nilisema.

"Mwalimu, niache niende."

"Keti nimesema! Kosa ni langu."

Nikaeleza. Nilieleza kibao chekundu, katazo la Gradi, folda niliyoitupa, vipande vilivyobaki. Nilieleza tangazo la kwaya lililokataa kufutika jioni ile waliyoondoka, na sidii niliyoirudisha. Nilieleza kwa mpangilio, bila kuruka hatua, kama nilivyozoea kufundisha.

Nilipomaliza, Lakot alinitazama kwa upole ambao sijauona kwake kabla wala baadaye.

"Mwalimu, roho yako ni nzuri," alisema. "Unabeba kosa ya watu ili watoto waoane."

"Sibebi kosa la mtu. Ni langu."

"Mwalimu hapana kosea," alisema Okullo, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Nimekosea, Okullo. Nimekosea, kisha nikanyamaza, na kunyamaza ni kosa kubwa kuliko la kwanza."

Alinikazia macho. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mvi na vyeo begani, lakini uso ule niliutambua tangu kambini. Ulikuwa uso wa mtoto aliyepigwa kiboko asichostahili.

"Siku ile ya herufi," aliuliza polepole, "Mwalimu ulikuwa na hakika?"



Ulrich hakuketi. "Hapa umesema kwa watu wane, mulango imefungwa," alisema. "Mama yangu walimutukana mbele ya Owino muzima. Sasa hii maneno yako inamusaidia nini?"

Akatoka. Akot aliinuka kumfuata, lakini alipofika mlangoni alisimama, akanigeukia. Nilijua atakachouliza.

"Jajja. Siku ile nilipokuja na mvua. Nilipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Niliuweka mkono wako tumboni kwangu, wewe ukijua?"

"Ndiyo, Akot."

Hakulia wala hakunitukana. Aliufungua mlango, akaenda zake, na upande aliokwenda haukuwa ule alioelekea Ulrich.

*

Asubuhi yake nilivaa gauni langu la kufundishia, nikaenda Owino.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Njia za soko zilikuwa tope, watu wamejibana chini ya maturubai na vichwa vyao vikichuruzika maji. Nilimkuta Kavugho mahali pake, upande wa mashuka, amekaa juu ya kiti cha plastiki. Meza ya kushoto kwake ilikuwa imeondolewa, na pale ilipokuwa maji yalikuwa yametuama. Wateja walikuwa wakipita. Wakifika karibu naye, walihamia upande wa pili wa njia.

"Karibu, Mwalimu," alisema bila kuinuka. "Uko natafuta shuka?"

"La. Nimekuja kulipa."

"Hujakopa kitu kwangu."

"Jina lako liliharibiwa nami nikiwa na neno la kulitengeneza. Nililificha. Ulrich hakukuambia?"

"Aliniambia." Alilainisha mkunjo wa shuka kwa kiganja. "Aliniambia ulilisema kwa nyumba yako, kwa kiti yako."

Kando ya meza palikuwa na kreti tupu la soda. Nililigeuza, nikalipanda. Mwanamke mmoja aliyebeba furushi alisimama kunitazama, na aliposimama yeye, wengine nao walisimama. Mwuza sidiria wa ng'ambo aliacha kunadi.

Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote. Nikaanza kama ninavyoanza darasa, kwa jina langu.

"Mimi ni Aminah," nilisema, "mwalimu wa Kiswahili, naishi Kansanga. Mlisikia hapa kwamba mama huyu ni mchawi, kwamba ameshika maneno ndani ya kompyuta. Kompyuta ile ni yangu. Niliiharibu mimi, kwa mikono yangu, baada ya kukatazwa. Nilijua kwamba nimeiharibu, nikaogopa kuaibika, nikaacha aaibishwe yeye. Mama Ulrich hana kosa. Mwenye kosa ndiye huyu mnayemtazama."

Mvua iliongezeka juu ya mabati.

Mbali kidogo, kwenye kona ya wauza viatu, nilimwona Akot. Alikuwa peke yake, amejifunika kanga kichwani, mkono mmoja tumboni. Kwa umbali ule na kelele zile, sidhani kama lilimfikia hata neno moja.

Nilitaka kushuka. Nilikwisha kuutoa mguu mmoja.

"Bado," alisema Kavugho. Alikuwa amesimama sasa, shuka mikononi, wala sauti yake haikuwa ya hasira. "Wale wa kwa viatu hawajasikia. Sema tena, Mwalimu. Sema kwa nguvu."

Nikaurudisha mguu juu ya kreti, nikageukia upande wa viatu, nikaanza upya tangu neno la kwanza.